Mrija wa Samaki wa Bwana Mbu

Mimi ni fundi bati. Nilisoma miaka miwili tu, halafu marehemu baba akasema mikono yangu inatosha, akanipeleka kwa mjomba nikashike nyundo na mkasi. Kwa hiyo jambo hili nitalieleza kama lilivyokwenda, na kosa langu sitalificha, maana bila hilo kosa hakuna cha kueleza.

Ilikuwa mwaka 1953. Mzungu mmoja alikuwa na ofisi ya vyumba viwili hapa Tabora, upande wa stesheni, na kazi yake ilikuwa mbu. Watu walimwita Bwana Mbu, hata mbele yake, naye hakukasirika. Alikuwa ameletewa kutoka Kigoma, kwa gari la moshi, samaki wadogo sitini, mkubwa wao kama kidole changu cha mwisho. Chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu. Mpango wake ulikuwa wazaane kwanza ndani ya tangi la kioo pale ofisini, kisha kabla ya mvua awatie katika visima na malambo ya vijiji vya Uyui, wawamalize mbu wangali majini.

Mtunzaji wa samaki hao alikuwa Kasimiri, Mnyamwezi wa Isikizya, Mkatoliki, rafiki yangu wa siku nyingi. Tena ni mtani wangu, kwa kuwa babu yangu alikuwa Mzaramo aliyefika Tabora na msafara, mzigo kichwani, akachoka, akabaki. Kasimiri husema babu hakuchoka hata kidogo, ila alionja ugali wa Kinyamwezi akasahau kwao.

Tangi lilikuwa la madebe matano. Samaki wakila, wananya, na maji yanachafuka kama maji ya mtu mwingine yeyote. Kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi theluthi ya maji itolewe na maji mapya yatiwe. Kasimiri alikuwa anateka kwa kata. Uchafu wa chini ukitibuka, samaki wanapanda juu kutafuta pumzi, na mara mbili alimwaga samaki uani pamoja na maji, akawaokota wangali hai. Bwana Mbu akasema kwao kuna vyombo vya kazi hiyo, vinauzwa dukani, lakini kuviagiza ni miezi minne. Kasimiri akamwambia miezi minne ni mingi, na mtaani kwetu Isevya yuko fundi.

Nikaenda, nikalitazama lile tangi, nikaona dawa yake ni mrija mmoja wa kunyonya uchafu kutoka chini na mwingine wa kuteremsha maji masafi taratibu. Mpira wa hospitali sikuweza kuupata. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli. Nilipounyonya mara ya kwanza ulibanana kama utumbo mtupu, hewa wala maji havipiti. Nikaupasua kwa urefu, nikaupunguza upana, nikaviringisha waya mwembamba kwenye mpini wa fagio hadi ukawa kama springi, nikautia ndani, na ule mpira nikaugandisha juu yake kwa gundi ya viraka. Ukawa mrija usiobanana, unaopinda upendavyo. Niliuloweka siku tatu, nikibadilisha maji asubuhi na jioni, mpaka harufu ya gundi ikatoka.

Kwenye ncha ya kutolea uchafu niliweka faneli ya bati, mdomo chini, na ndani yake kipande cha chujio la chai ili samaki asivutwe. Faneli ikitembezwa juu ya mchanga, uchafu unapanda na mchanga unabaki. Mrija wa pili ulitoka kwenye debe lililokaa juu ya rafu, maji yake yamelala siku mbili na kupata joto la jua, ukaingia tangini. Viungo vyote niliunganisha kwa lehemu, ile ya bati na risasi iliyoyeyushwa, kama ninavyounganisha ndoo, birika na kila kitu ninachouza.

Kilichobaki ni kuyaanzisha maji. Yanataka mtu ayanyonye kwanza, yakishapita kilima cha mrija yanakwenda yenyewe. Kasimiri hakuweza. Alianguka na baiskeli njia ya Sikonge zamani, akapasuka mdomo wa juu, na aliyemshona alikuwa na haraka. Hawezi kufumba mdomo ukazuia hewa. Alipojaribu, mrija ulipiga kelele kama mbuzi, hata tone halikuja. Nikamwambia Mnyamwezi kazi yake kubeba, kazi ya akili atuachie wenyewe. Tukakubaliana kwamba kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi nitapita, ninyonye mirija yote miwili, halafu niende zangu kwenye kibanda changu.

Jumatatu ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Uchafu ulitoka wote, maji mapya yakaingia bila kutibua kitu, na Bwana Mbu akanishika mkono. Kabla ya adhuhuri samaki watano walikuwa wamelala ubavu juu ya maji.

Alhamisi wakafa watatu. Jumatatu iliyofuata sita, Alhamisi wanne. Kila mara ilikuwa siku ya kubadilisha maji, saa chache baada ya mimi kuondoka. Kasimiri alisugua madebe kwa majivu. Tulibadilisha kisima. Niliuloweka tena mrija siku mbili nzima. Haikusaidia. Bwana Mbu akachukua faneli yangu, akaikwaruza lehemu kwa ukucha, akasema kwa Kiswahili chake, akiwa amesimama mlangoni, kwamba risasi ile ni sumu na ndiyo inayoua samaki wake.

Pale mlangoni pana bomba la maji, na wanawake walikuwa kwenye foleni.

Kesho yake asubuhi alikuja Zamda, muuza uji wa Isevya, mwanamke ambaye akinunua kitu kwako mtaa mzima unanunua. Alikuwa na ndoo zangu mbili. Aliziweka chini mbele ya kibanda, polepole, akamweka sawa mtoto mgongoni. Hakugomba. Alisema, "Fundi Abbasi, samaki hana mdomo wa kusema anaumwa wapi. Na huyu wangu pia hajaanza kusema." Akaenda zake, ndoo akaniachia.

Hapo nilifahamu kilichokuwa mbele yangu. Samaki ni wa Bwana Mbu, na wakiisha ataletewa wengine. Lakini fundi bati ambaye ndoo yake inaogopwa hana kazi. Miaka ishirini na minne nilikuwa nimeuza ndoo Tabora, na wapo watu walioogeshwa ndani ya karai langu wakiwa wachanga ambao sasa wana watoto wao. Nikajiambia nitaitafuta sumu hii hadi niipate, na kama ni ya lehemu nitaiacha lehemu.

Nilinunua nta kwa mrina asali wa Sikonge. Nikabandua lehemu yote kwenye faneli na kwenye viungo, nikakunja mishono ya bati mara mbili, nikaiziba kwa nta iliyoyeyushwa. Kazi hiyo iliniishia siku ya mwisho ya Shaabani. Mwezi ukaandama, tukaanza kufunga.

Jumatatu ya kwanza ya Ramadhani nilikuwa na shaka juu ya kunyonya maji mchana nimefunga. Nilimwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaniambia hewa haimfunguzi mtu, maji yakishuka kooni ndiyo yanamfunguza, kwa hiyo nijijue mwenyewe na koo langu. Najijua. Nilivuta hewa, nikasikia maji yanapanda ndani ya mpira, nikatoa mdomo kabla hayajafika. Yakashuka yenyewe.

Siku hiyo hakufa samaki hata mmoja. Alhamisi hakufa. Wiki ya pili hakufa, na Kasimiri akanionyesha kwenye pembe ya tangi vifaranga vyembamba kama uzi, vina macho tu. Wameanza kuzaa.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilijigamba. Nilitengeneza ndoo ya mishono ya nta, nikaitundika mbele ya kibanda, na kila aliyepita nilimweleza kwamba sumu imekwisha, nta ya Sikonge ndiyo dawa, nendeni mkawatazame samaki wa Bwana Mbu. Kasimiri alikuja jioni moja akanikuta nahubiri. Akasubiri watu waondoke.

"Mzaramo," akasema, "ukitangaza dawa umekubali ugonjwa."

Nikamwambia hajui biashara. Katikati ya mwezi nilikuwa nimerudishiwa ndoo saba za lehemu, makarai mawili na birika ya msikiti. Watu wote walitaka za nta. Na za nta, mama mmoja akitia maji ya moto ya kumwogesha mzazi, mshono unayeyuka, maji yote miguuni. Kwa hiyo za zamani zikawa sumu kwa maneno yangu mwenyewe, na mpya zikawa zinavuja. Nilijipa moyo kwamba nitapata njia, nichanganye nta na kitu kingine. Muhimu samaki wanaishi.

Idd ikaja, tukasali, tukala. Jumatatu iliyofuata nikapita ofisini kwa furaha, nguo bado mpya. Nikanyonya mrija wa kutoa, nikanyonya mrija wa kutia, nikamtania Kasimiri kuhusu mke wake aliyenipikia pilau ya Idd wakati yeye Mkristo, nikaenda zangu.

Saa sita Kasimiri alikuja kibandani mbio, kofia mkononi. Samaki kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na vifaranga vyote.

Nilikwenda nikawaona. Bwana Mbu alikuwa amewapanga kwenye karatasi, wadogo kwa wakubwa. Hakupandisha sauti. Alisema amesubiri vya kutosha, na Jumamosi atamwandikia mkuu wa soko barua kwamba vyombo vyangu visiuzwe tena kwa maji ya watu, si vya nta wala si vya lehemu. Niliuliza nitauza nini. Akafikiri, akajibu kwa upole kabisa kwamba naweza kuuza taa. Yaani koroboi.

Nilirudi nikakaa kibandani. Sikupiga bati lolote siku hiyo. Kesho yake Jumanne, mchana, nilichukua vipande vya bati nikavipanga juu ya meza, kimoja kwa kila kitu kinachogusa yale maji, maana mimi kuandika kunanichelewesha. Kipande cha debe. Debe ni lile lile kabla ya mwezi na baada ya mwezi, nikakitupa. Kipande cha mpira, ule ule, nikakitupa. Nta ni ile ile mwezi mzima samaki walipoishi, na ni ile ile jana walipokufa, basi nta si dawa, wala kuondoka kwa lehemu hakukuponya kitu. Hapo nilijitukana. Kisima kile kile. Mikono ya Kasimiri ile ile. Kikabaki kipande kimoja, kidogo, ambacho nilikiweka kwa ajili yangu.

Mimi nilikuwa yule yule. Isipokuwa nilikuwa nimefunga.

Nikifikiri huwa napeleka mkono mfukoni. Mkono ulikwenda, ukatoa kijaluba changu, kidole gumba kikakifungua. Ndani yake ugoro. Nimebwia ugoro tangu nikiwa na miaka kumi na saba, wenye magadi, mkali, chini ya mdomo. Naamka nao na nalala nao. Ramadhani pekee ndipo mchana mdomo wangu unakuwa mtupu. Nasukutua kabla ya alfajiri na sigusi hadi magharibi. Na mrija wa kutia maji, ncha ninayoinyonya ndiyo hiyo hiyo ninayoidondosha tangini, mate yangu yakiwa juu yake na ndani yake.

Nilikaa na ule ugoro kidoleni, kisha nikaurudisha ndani ya kijaluba. Nikafunga kibanda nikaenda kwa Kasimiri.

Nilimweleza yote. Akasema mke wake, Apolinaria, kuku wakiwa na chawa huwaosha kwa maji ya vikonyo vya tumbaku, na chawa hufa siku hiyo hiyo. Hata kunguni. Kwao Isikizya kila mtu anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema hakujua kwamba nawaosha samaki.

Tukachukua mabakuli mawili ya viluwiluwi anavyovifuga kwa chakula cha samaki. Nikabwia, nikasubiri, nikatemea bakuli moja. Tulikaa uani tukatazama. Kwanza vilirukaruka kama vimechomwa. Baadaye vikaning'inia, baadaye vikashuka chini kimoja kimoja. Bakuli la pili viliendelea kucheza.

Kasimiri alishika tumbo kwa kicheko. "Bwana Mbu amepoteza fedha ya serikali," akasema. "Samaki wa nini? Akukodi wewe, uzunguke visima vyote vya Uyui unatema."

Nilimwacha acheke, ni haki yake. Alipomaliza akafuta macho, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba jambo ni rahisi, nisibwie Jumatatu na Alhamisi, samaki wataishi, na hakuna haja ya mtu kujua. Mke wangu Mwanahawa nyumbani aliniambia vile vile, tena kwa ukali. Alisema mtu akitangaza kwamba mate yake yanaua, nani atakuja kula kwake? Nani atapokea hata kikombe cha kahawa mkononi mwake? Hata binti yetu anayeposwa, atasemwa ni binti wa nani?

Nilifikiri maneno yao. Hayakuwa ya kipumbavu. Lakini nikinyamaza, samaki wataishi mwezi mwingine, na mwezi mmoja wa kuishi nilishauuza mara moja kwa uongo wa nta. Hakuna atakayeununua tena. Barua ni Jumamosi. Lehemu niliisingizia mwenyewe kwa mdomo wangu, na mdomo huo huo ndio ulioua. Kwa hiyo ni lazima useme. Nikamwambia Mwanahawa: wakicheka, watacheka huku wamebeba ndoo zangu.

Jumatano nilitengeneza chombo kipya. Mwarabu mmoja mwenye malori alikuwa na gari bovu uani kwake, limeota majani, na honi yake ilikuwa ya zamani, ya kubinya, yenye tufe la mpira. Nikampa koroboi tatu akanipa lile tufe. Nikafanya kiungo cha bati chenye njia tatu: moja inatoka kwenye debe, moja inakwenda tangini, ya tatu ina lile tufe. Unabinya tufe kwanza, unaubana kwa vidole mrija unaoelekea tangini, unaliachia tufe. Linajaa lenyewe, linavuta hewa, na maji yanafuata nyuma ya hewa. Yakishapita kilima unaachia vidole. Mrija wa kutoa uchafu nao unaanzishwa kwa tufe hilo hilo, na mdomo wa mtu haupo popote.

Mara ya kwanza halikuvuta, lilikuwa na tundu dogo kama la sindano. Nikaliziba kwa kiraka. Mara ya pili lilivuta lakini maji yakakomea nusu ya mpando, kwa sababu mrija ulikuwa mrefu na tufe dogo. Nikaukata mrija shubiri mbili, nikashusha rafu. Mara ya tatu yakapita. Kiungo kile nilikiunganisha kwa lehemu. Makusudi. Faneli nayo niliikwangua nta yote, nikairudishia lehemu.

Alhamisi Kasimiri aliyaanzisha maji mwenyewe kwa tufe, mdomo wake ule ule ulioshonwa vibaya ukiwa umefunguka kwa raha. Hakufa samaki. Bwana Mbu alitazama, akasema hata nta ilifanya hivyo. Ni kweli. Nikamwomba anipe muda wa saa nne tu Jumamosi asubuhi, samaki sita, na mabakuli mawili meupe kutoka jikoni kwake ambayo mimi sijawahi kuyagusa. Sikumwambia ni kwa nini. Alisita kwa ajili ya samaki, walibaki thelathini na mmoja tu. Mwishowe akakubali.

Nikaenda pia kwa Zamda. Alikuwa anakoroga uji. Nilimwamkia, nikamwambia Jumamosi aje kwenye ofisi ya mbu, ndoo yake moja nitakuwa nayo pale. Aliuliza kama kuna nta. Nikamwambia hakuna.

Alikuja, na mtoto mgongoni, na nyuma yake wanawake sita, maana Zamda haendi peke yake. Bwana Mbu alisimama na saa yake ya mfukoni. Ndoo moja ya Zamda nilikuwa nimeijaza maji ya kisima tangu Alhamisi mbele ya Kasimiri, yalale humo, yaonje lehemu vizuri. Bakuli la kwanza jeupe Kasimiri alilijaza maji yale yale ya kisima. Bakuli la pili pia. Samaki wawili kila chombo.

Halafu nilisimama mbele yao nikatoa kijaluba, nikabwia. Nilingoja hadi mdomo ukajaa. Nikachukua ule mrija wa zamani, nikanyonya maji kutoka kwenye debe kama nilivyokuwa nikifanya siku zote, nikaidondosha ncha ndani ya bakuli la pili. Maji yakaingia kidogo, nikauondoa. Nikawaambia kwamba hivi ndivyo nilivyowabadilishia samaki maji kabla ya Ramadhani na baada ya Idd, na kwamba mchana wa Ramadhani mdomo wangu ulikuwa mtupu. Kisha nikauweka mrija chini.

Haikuchukua muda. Samaki wa bakuli la pili walianza kwenda upande, mmoja akijigonga ukingoni kama kipofu. Zamda alisogea akainama. Wanawake nao wakainama. Yule wa kwanza alipogeuza tumbo juu, mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kanga, na sikujua kama ni huruma au kicheko hadi mabega yake yalipoanza kutikisika.

Bwana Mbu alichukua kijaluba changu mkononi, akakinusa, akapiga chafya. Akaniuliza kwa nini nimesema mbele ya watu wote hawa. Nikamjibu kwamba alipoisema lehemu alisema mbele ya watu hawa hawa.

Ili kumaliza neno nilichota maji ya ndoo ya lehemu kwa kata, nikanywa. Zamda akatikisa kichwa.

"Wewe kunywa kwako si ushahidi," akasema. "Umeishi na mdomo huo miaka yote na hujafa. Mimi nawatazama samaki."

Akakaa. Alikaa kwenye jiwe pembeni ya ndoo yake muda wa saa nne kamili, akamnyonyesha mtoto, akamlaza, akamwamsha. Wenzake waliondoka mmoja mmoja na habari mdomoni, na nilijua itafika Isevya kabla yangu. Samaki wa ndoo walizunguka. Samaki wa bakuli jeupe la kwanza walizunguka. Kasimiri aliwatupia viluwiluwi, wakala wote wanne kwa uroho ule ule.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Bwana Mbu alikunja barua ya mkuu wa soko aliyokuwa amekwisha kuianza, akaitia mfukoni. Zamda akainuka, akamwambia Kasimiri awatoe samaki wale. Akaimwaga ndoo, akaisuuza, akaielekeza juani kutazama mishono yake mmoja baada ya mwingine kama anaiona mara ya kwanza. Kisha akaijaza kwenye bomba akajitwika.

"Ya pili nitaifuata jioni," akaniambia. "Nikukute umeifuta vumbi. Kwa kitambaa, Fundi Abbasi. Usiipulizie."

Walicheka wiki nzima, nao wakazichukua ndoo zao wiki ile ile. Birika ya msikiti ilirudi Ijumaa. Binti yangu aliolewa mwaka uliofuata, na watani wa upande wa bwana harusi walidai maji ya harusi yaonjwe na samaki kwanza. Ugoro sikuuacha, sitadanganya.

Lakini kijaluba cha siku ile sikukipata tena. Kasimiri alikichukua mezani kwa Bwana Mbu, akasema ni chake kwa utani, nami siwezi kudai. Alikipigilia msumari kwenye mwimo wa mlango wa nje wa ofisi, kikiwa wazi. Tangu hapo, yeyote aliyeingia kwa samaki, awe karani au mkuu wa wilaya, aliacha tumbaku yake humo kwanza. Nami kila nilipokwenda kubadilisha kiraka cha tufe, niliacha yangu humo kama wengine, na kila nilipotoka nilikuta Kasimiri ameshabwia nusu.